Nani Amekula Barua za Wateja?

Wiki iliyopita niliwaacha pale mume wangu alipoweka sanduku langu nje ya mlango, na Bi Pole, mpokea simu wa duka la wifi yangu, akalibeba mpaka kwake kama vile ni lake. Akanipa chumba cha uani na shuka safi. Nikawaambia shida zangu zimekwisha. Nisameheni. Zilikuwa zinavuta pumzi tu.

Kwa mnaoanza kunisoma leo, kazi yangu ni hii. Mtu akinunua kitu mtandaoni, hajakishika, hajakijaribu, sheria inampa siku kumi na nne tangu kimfikie abadilishe mawazo. Haulizwi sababu. Anabonyeza kitufe cha kughairi, anajaza fomu, anarudisha mzigo, anarudishiwa chake. Mimi nazunguka kwenye maduka hayo kuhakikisha kitufe kipo, hakijafichwa uvunguni, na fomu inaeleweka hata na mtu mwenye haraka.

Ndiyo maana mtaani wananiita Siku Kumi na Nne. Ndoa yangu ilipovunjika, kuna waliosema wazi kwamba mume wangu alichelewa tu kubonyeza.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, anauza vyerehani mtandaoni. Miezi minane iliyopita nilimtengenezea ukurasa wa kughairi. Niliufanya vizuri sana. Hivyo ndivyo nilivyoamini mpaka Jumatatu asubuhi, aliponiita ofisini.

Alikuwa amesimama katikati ya maboksi, barua mkononi.

"Soma."

Nikasoma. Ilitoka ofisi ya kutetea haki za wanunuzi. Wateja thelathini na mmoja wamelalamika, na malalamiko yao yanafanana kama mapacha: walijaza fomu ya kughairi ndani ya muda, wakasubiri, hakuna aliyewajibu. Mkaguzi atafika Alhamisi saa nne.

"Wifi, mimi sijawahi kuona fomu hata moja," akasema. "Miezi minane! Nilidhani watu wanazipenda mashine zangu."

"Hukushangaa?"

"Mtu hashangai neema, wifi."

Akaenda kufunga mlango.

"Kuna mtu anakula barua za wateja wangu. Na anayefungua sanduku la barua pepe za duka ni mmoja tu. Kikulacho ki nguoni mwako."

Kupitia kioo cha mlango tulimwona Bi Pole, simu kaibana kwa shavu, akimwambia mteja pole. Kila simu huianza hivyo, ndiyo jina likamshika. Hata anayepiga kuulizia rangi ya mashine huambiwa pole kwanza.

"Bi Pole hawezi," nikasema.

"Unalala kwake, utasema nini kingine? Lakini wewe ndiye mtaalamu. Nitafutie. Nataka jina kabla ya Alhamisi. Wakilifunga duka hili, mimi na kaka yako na watoto tunakwenda wapi?"

Nikamwita Bi Pole stoo. Akaja na daftari kifuani.

"Afadhali ni wewe unayeuliza, mwanangu. Hizo barua sijaziona kwa macho yangu. Ila watu wamepiga simu, na wote nimewaandika."

Alikuwa amewaandika kweli. Tarehe, jina, "anasema ametuma fomu", "nimemwambia haijafika". Kurasa kumi na tisa, mwandiko wa mtu aliyefundishwa na mwalimu mkali.

"Sasa mama, kwa nini hukumwambia mtu?"

Akanitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Nilikwambia wewe, mwanangu."

"Mimi?"

"Miezi mitano iliyopita. Ulikuwa umekuja hapa, unakunywa chai kwenye meza yangu. Nikakwambia wateja wanasema wanatuma na huku hakifiki kitu. Ukacheka. Ukasema, mama, wanaosema wametuma na hawajatuma ni wengi kuliko nywele za kichwani. Nikasema basi, mtaalamu kasema."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata kicheko chenyewe.

Mchana nikafanya jambo ambalo mtu mwenye akili angelifanya miezi mitano iliyopita. Niliingia dukani kama mteja, nikajifanya nimenunua, nikabonyeza kughairi. Ukurasa ukanijibu: Tumepokea, asante. Nikakimbilia sanduku la duka. Tupu. Nikangoja mpaka chai ikapoa. Tupu.

Basi fomu inakwenda wapi? Nikaifungua ndani, pale panapoandikwa anwani ya kupelekea.

Anwani ilikuwa yangu.

Ngoja niwaeleze. Sisi watu wa kazi hii tukiunda fomu hatuweki anwani ya duka kwanza. Tunaweka ya kwetu, ya majaribio, tuone kama fomu inasafiri. Ikifika, tunatoa yetu, tunaweka ya duka, tunaaga. Ni dakika moja tu. Siku ile, kabla ya dakika hiyo, mume wangu alinipigia ile simu ya ugomvi niliyowasimulia wiki tatu zilizopita. Nikafunga kompyuta nikakimbia. Kesho yake nikaandika kwenye ripoti: kazi imekamilika.

Mganga hajigangi.

Sanduku lile la majaribio sikuwahi kulifungua tena. Ilinichukua nusu saa kukumbuka neno la siri. Likafunguka. Barua mia mbili na kumi na tatu.

Nikazisoma. Mmoja mashine yake inapiga kelele na mtoto halali. Mwingine amenunua mbili kwa bahati mbaya, anaomba abaki na moja. Jamaa mmoja ametuma mara sita, na ya sita inasema: "Nimeghairi mashine. Nimeghairi na kuwaamini binadamu." Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kicheko kikaishia kwenye barua iliyofuata.

"Nilimnunulia binti yangu, alikuwa anajifunza kushona. Amefariki siku ya tatu baada ya mashine kufika. Boksi halijafunguliwa. Naomba mje mlichukue, siwezi kuliona sebuleni."

Wiki moja baadaye, mtu huyohuyo: "Boksi bado lipo."

Kisha ya mwisho: "Nimepiga simu kwenu. Mama mmoja ameniambia pole lakini barua yangu haipo. Nimemtukana vibaya. Mwambieni anisamehe, sikuwa mimi."

Nililia kwa sauti, kichwa juu ya meza. Sikulilia kazi wala jina langu. Nilimlilia yule mzazi na boksi lake, na Bi Pole aliyetukanwa kwa barua zilizokuwa kwangu.

Kabla sijafuta machozi, mkono wangu ulikuwa umeshatoa anwani yangu na kuweka ya duka. Bomba likivuja, fundi huliziba kwanza. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Nikainuka niende kwa wifi. Nilipofika mlangoni nikasikia sauti yake.

"Kumbe ulijua! Kurasa kumi na tisa!"

"Bosi, niliandika ili..."

"Uliandika ili unicheke! Wateja wanapiga, wewe unawachorea kwenye daftari! Kusanya vitu vyako."

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Nilisimama pale nje, mkono kwenye kitasa, nikijiambia ngoja wifi apoe. Wasomaji wangu, mimi ni mwoga. Bora mlijue hilo kutoka kwangu kuliko kwa wengine.

Bi Pole alikusanya kikombe chake, mto wake wa kukalia na miwani ya kusomea. Akavitia kwenye mfuko. Tulipokutana kwenye korido akanishika bega.

"Usichelewe kurudi, mwanangu. Nitakuwekea chakula."

Asante ya punda ni mateke, wanasema. Siku hiyo nilimfahamu punda mwenyewe.

Jioni nikala chakula chake. Yeye hakula. Alikaa mbele yangu, mikono mapajani, anaongea kwa furaha ya ajabu.

"Alhamisi nami nitakuja. Nimempigia mkaguzi mwenyewe. Nimemwambia nina miaka kumi na moja kwenye simu, sijamdhulumu mtu. Na shahidi wangu nimemtaja wewe."

"Mimi, mama?"

"Nani mwingine anajua mambo ya hizo fomu? Wewe utaeleza nikaeleweka." Akanisogezea sahani. "Sikiliza, mwanangu. Kazi hainiumi, kazi nitapata nyingine. Kinachoniuma ni watu kudhani nilikuwa nawapa pole huku nimezikalia barua zao. Kuna mmoja amefiwa. Huyo akidhani hivyo, mimi nitaishije?"

"Mama, kuna jambo nataka..."

"Kula kwanza."

Nikala.

Jumanne nikajifanya naumwa kichwa. Nikajifunika gubigubi. Na aliyekuja na dawa na glasi ya maji, akakaa ukingoni mwa kitanda mpaka nikameza, alikuwa mwanamke aliyefukuzwa kazi kwa kosa langu.

Jumatano nikapiga moyo konde. Niliingia ofisini kwa wifi, nikamwomba kiti chake, nikalifungua sanduku la majaribio kwenye kompyuta yake, nikampisha akae.

"Zisome. Zote zilikuja kwangu. Ni mimi, wifi. Nilisahau kubadilisha anwani."

Alizisoma. Nilisubiri matusi. Nilisubiri hata kofi, na ningelipokea.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Hakuna."

"Bi Pole?"

"Bado."

Akashusha pumzi, akaegemea kiti. "Basi Mungu anatupenda."

"Sijakuelewa, wifi."

"Utanielewa. Mkaguzi akiambiwa kuna mfanyakazi mmoja alizikalia barua, na nimeshamfukuza, ataniandikia onyo. Nitawaomba radhi hao thelathini na mmoja, mambo yataisha. Lakini akiambiwa fomu ya duka lenyewe ilikuwa mbovu miezi minane, na kila mteja aliambiwa asante tumepokea, na hakuna kilichopokelewa... hapo ni duka limedanganya. Atafunga. Si wewe ulinifundisha?"

Ilikuwa kweli. Nilimfundisha mwenyewe, na alikuwa mwanafunzi hodari.

"Futa," akasema.

"Siwezi."

"Futa, wifi. Mfikirie kaka yako. Wafikirie wanaokuita shangazi."

"Na Bi Pole?"

"Nitamtafutia kazi kwa rafiki yangu. Na zawadi juu."

"Hataki zawadi. Anataka jina lake."

"Jina haliliwi."

Nikasimama. Nikamwambia kesho nitasema kila kitu mbele ya mkaguzi, na kaka yangu akitaka asiniite dada tena, asiniite. Nikatoka, nikaubamiza mlango mpaka maboksi yakatikisika. Nilijiona shujaa. Nilitembea mpaka nyumbani nikiwa mwepesi, na Bi Pole sikumwambia kitu. Niliona heri alisikie mara moja, mbele ya mkaguzi, mahali ambapo litamsafisha.

Alhamisi, saa nne kamili. Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye faili nene na sauti ndogo. Wifi alikuwa amevaa kama anakwenda kuposewa mtoto. Bi Pole alikuwa kwenye kiti cha pembeni, kavaa nguo yake ya kutokea, na aliponiona akatabasamu kama mzazi siku ya mtoto kupokea cheti.

Nikasema. Sikubakiza. Anwani ya majaribio, simu ya mume wangu, ripoti niliyoandika bila kuangalia, chai niliyokunywa mezani kwa Bi Pole na maneno niliyomcheka nayo. Nikasema barua zilikuwa mia mbili na kumi na tatu na zote zilikuwa kwangu.

Sikumtazama Bi Pole. Niliogopa.

"Nionyeshe," mkaguzi akasema.

Nikafungua fomu. Anwani iliyokuwapo ni ya duka.

"Hii si ya duka?"

"Ni ya duka. Niliibadilisha Jumatatu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ilikuwa mbovu."

Akaandika. Nilikuwa nimelifuta kosa langu kwa mkono wangu mwenyewe, nikijiona fundi.

"Basi nionyeshe hizo barua."

Nikaandika neno la siri. Sanduku likafunguka.

Tupu. Nikaenda kwenye kapu la taka. Tupu, limesafishwa hata vumbi halina.

Hapo akili ikanirudi. Jumatano niliubamiza mlango kishujaa, lakini sanduku langu niliacha limefunguliwa kwenye kompyuta ya wifi. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya dakika moja.

Nikamgeukia. Wifi alikuwa anafuta machozi, machozi ya kweli kabisa, sijui aliyatoa wapi.

"Mkaguzi, msamehe tu," akasema kwa sauti ya kilio. "Huyu ni wifi yangu, moyo wake mzuri kupita kiasi. Ameachika juzi, hana pa kwenda. Huyu mama ndiye aliyempa chumba. Sasa anataka kumbebea mzigo."

Mkaguzi akanitazama juu ya miwani.

"Unaishi kwake?"

"Ndiyo, lakini..."

"Unakula kwake?"

"Ndiyo."

"Jana mlikula pamoja?"

"Ndiyo, ila sikumwambia kitu!"

"Mmekula pamoja, kesho yake kuna ukaguzi, na hamkuzungumza."

Akaandika tena. Nikamwambia mafundi wanaweza kuzichimba, kampuni inayohifadhi tovuti lazima ina kumbukumbu mahali.

"Ofisi yangu haina mafundi, dada. Ina mimi na faili hili."

"Muulize Bi Pole basi! Muulize kama hakunieleza, kama sikumcheka!"

Nikamgeukia Bi Pole. Alikuwa ameshasimama. Nilitaka anichukie. Naapa, nilitamani chuki yake kuliko kitu chochote, maana angenichukia ingekuwa ameniamini.

Alikuja taratibu, akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa na joto.

"Mwanangu," akasema, "kunicheka ulinicheka, ni kweli. Lakini mengine hayo usiniongezee. Najua unanipenda. Mimi sijawahi kumwambia mteja uongo miaka kumi na moja, siwezi kutoka humu kwa uongo wako."

"Mama, si uongo. Ni mimi. Mimi ndiye niliyezikalia."

"Nyamaza, nyamaza." Akanifuta machozi kwa kiganja chake. "Bado kijana. Usijiharibie maisha kwa ajili ya sahani ya chakula."

Wifi alikuwa anaangalia chini. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na mtu asiyemjua angedhani ni uchungu.

Mkaguzi akageuza ukurasa, akauelekeza kwangu.

"Kumdanganya mkaguzi ni kosa, na unajua, kazi yako ni hizihizi sheria. Nitakusaidia kwa vile umechanganyikiwa. Ukisaini hapa kwamba umeyafuta maneno yako, yataishia humu ndani. Ila lawama ya barua itabaki kwa mpokea simu. Usiposaini, nakupeleka mbele, ukathibitishe huko kitu ambacho huna."

"Akisaini, itabaki kwangu?" Bi Pole akauliza.

"Itabaki kwako, mama. Daima."

Alifikiri muda mfupi sana, nusu pumzi. Kisha akaichukua kalamu mezani, akaifungua mwenyewe, akaniwekea katikati ya vidole na kuvifunga juu yake, kimoja kimoja.

"Acha ibaki kwangu," akasema. "Saini, mwanangu, twende nyumbani."